Wawili Juu ya Milioni

4 Januari

Wifi,

Sikutumii ujumbe wa simu kwa sababu simu yangu ina wasomaji wawili, na wa pili ni binti yangu. Tangu tumpachike jina la Wakili akiwa mdogo, hajawahi kushindwa kesi humu ndani, na ushahidi wake wote anautoa kwenye simu yangu. Kwa hiyo barua hii anakuletea kaka yako na lori lake. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya viatu. Akikuuliza ina nini, mwambie ni mambo ya wanawake, ataogopa mwenyewe.

Jana mezani Wakili ametangaza kwamba haitaki nafasi ya maabara. Ile ile niliyomtafutia kwa kumpigia magoti daktari mwenye kliniki yetu: masomo miaka miwili, ada analipiwa, akimaliza anaajiriwa papo hapo. Anataka sosholojia. Chuo kile kile tulichosoma sisi, idara ile ile, kwa mkopo wa milioni kumi na mbili. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu, "Nataka maisha kama ya shangazi."

Shangazi! Hakusema "kama ya mama". Mimi na wewe tulilala chumba kimoja bwenini, tukasoma vitabu vile vile, na kwenye takwimu nilikupita kwa alama (usibishe, cheti kipo). Kisha nikaolewa na kaka yako. Leo mwanangu ameyaweka maisha yetu mawili mezani, akayatazama kama mtu anayechagua kitambaa, akashika yako. Yangu hakuyafunua hata kidogo.

Nakupa kazi moja. Mwambie ukweli. Mwambie unapata nini, mkopo unakula nini, kinabaki nini. Mimi nikisema ananiambia nimechoka na maisha. Wewe ukisema ataandika. Ana hadi mwisho wa Februari kuchagua, maabara au mkopo.

Na jambo la pili, dogo. Kaka yako amerudi juzi ameshiba, anasema alipita kwako kukubadilishia kitasa. Mlango wangu wa jikoni unaning'inia kwa bawaba moja tangu mvua zilizopita. Sisemi kitu. Nakujulisha tu.

Wifi yako,
Mama Wakili

9 Januari

Wifi mpendwa,

Gundi ya viatu! Nimeipasua bahasha kwa kisu cha mboga na harufu yake bado iko mezani. Kaka alisimama ananitazama ninavyosoma, akauliza, "Kuna mgonjwa?" Nikamwambia yupo, ila ugonjwa wenyewe hautibiki kwenye kliniki yenu. Unaitwa kijicho.

Kazi uliyonipa naikataa. Mtoto kaja na moto wake, unataka mimi ndiye nishike ndoo ya maji? Mtu akisomea kujenga madaraja, hakuna anayemuuliza daraja litamrudishia lini fedha zake. Mtu akisema anataka kujua kwa nini watu wa upande huu wa barabara wanazika watoto na wa upande ule hawaziki, ghafla kila ndugu anageuka mhasibu. Wewe ulikuwa unasema hivyo hivyo, wifi, umesimama juu ya kitanda changu na viatu. Nani alikufunga mdomo?

Na kama ni hesabu, Wakili anazo. Unakumbuka idara iliwapigia simu wahitimu wa mwaka wetu, miaka miwili iliyopita, kuwauliza wanafanya kazi gani na wanapata kiasi gani? Ripoti imetoka. Wastani wa mshahara ni laki sita kwa mwezi. Wawili kati ya waliojibu wanapata zaidi ya milioni. Mkopo unakatwa asilimia kumi na tano ya mshahara. Kwa laki sita, deni lake linakwisha kwa miaka kumi na moja. Amenitumia hesabu hiyo imepigiwa mstari kwa rangi nyekundu. Ninaona takwimu karithi kwako. Mengine yote karithi kwangu, na ninajua hilo ndilo linalokukaba.

Unataka ajue ninavyoishi? Anajua. Anaziona picha: mikutano, mahoteli, kitambulisho kimening'inia shingoni, watu wa mataifa yote. Sijamlazimisha kuzitazama.

Kitasa kilikuwa kimekwama. Nilikuwa nimefungiwa nje ya nyumba yangu mwenyewe. Ulitaka kaka yangu apite anipungie mkono?

Wifi yako akupendaye,
Shangazi

16 Januari

Wifi,

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa ukurasa mzima. Sasa tuzungumze kama watu waliosoma.

Ripoti nimeisoma. Wakili ameibandika kwenye friji. Tulihitimu thelathini na mmoja. Waliojibu simu ni saba. Wale ishirini na wanne wako wapi? Mimi nakwambia walipo. Wameiona namba ya chuo ikiita, wakaacha iite. Nani anapokea simu ya kuulizwa mshahara kama hana mshahara? Wewe na mimi tungemfelisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa utafiti kama huo, lakini idara imeupamba kwa jalada la rangi na picha ya watoto wanaocheka. Chuo kinapata ada yake siku ya kwanza. Ofisi ya mikopo ina uhakika wa makato yake. Anayebaki kusubiri aone kama elimu hiyo italipa ni mmoja tu, naye ana miaka kumi na tisa.

Na huo wastani wenyewe! Kuna wawili wameubeba mabegani. Watoe hao wawili, waliobaki wote wanakula kwa kukopa. Sasa hao wawili ni nani? Mmoja atakuwa Misumari, aliyerithi duka la vifaa vya ujenzi la baba yake. Sosholojia haijamuuzia hata komeo. Na wa pili, wifi, ni wewe.

Zaidi ya milioni! Nimekaa na hilo wiki nzima. Nimekumbuka mama mkwe alipolazwa, mama yako mzazi, tukachangishana hospitali kila mtu anatoa alichonacho, na wewe ukaleta blanketi. Zuri, la maua. Ukasema mwezi umekuwa mgumu. Nilikuonea huruma. Nilimwambia kaka yako, "Tusimbane dada yako." Kumbe ningekubana.

Sikuonei wivu. Najiuliza tu mtu anawezaje kupata zaidi ya milioni na bado kaka yake ndiye anamletea kitasa.

Mama Wakili

21 Januari

Wifi,

Kaka amenikabidhi barua yako kwa vidole viwili, kama aliyeshika panya. Amesema uliifunga huku unahema.

Ninachopata sikikatai wala sikikiri. Lakini kwa kuwa umenikumbusha kwamba tumesoma, nimefanya utafiti kidogo. Nimempigia Misumari. "Nani? Chuo?" anasema. "Niliwakatia simu, dada, nilidhani wananichangisha ukumbi." Kwa hiyo Misumari hayumo kati ya wale saba. Nikaendelea na wengine mmoja mmoja. Unawajua. Kwenye kundi letu la darasa wanakopeshana nauli ya kwenda kazini kila ifikapo tarehe ishirini. Hakuna mwenye milioni pale.

Basi huyo mwingine ni nani, wifi?

Nimewaza sana nikatamani nicheke. Nani yuko kwenye ofisi ya kliniki binafsi mwaka wa kumi na tano sasa? Nani alikuwa kiongozi wa kila kitu bwenini, hadi zamu ya kufagia? Nimemuuliza kaka kwa upole, "Hivi mkeo analipwa kiasi gani?" Ameniambia tangu muoane hajawahi kuuona mshahara wako, na akiuliza unamwonyesha mlango. Ule ule wa jikoni, unaoning'inia. Ama kweli wewe ni bingwa! Umeuacha mlango uning'inie ili kila anayeingia akuhurumie, na fedha zimelala benki zinazaliana. Na blanketi langu bado unalihesabu.

Unajua kinachoniuma ni nini? Siyo fedha. Una mume anayerudi nyumbani. Una mtoto anayekupinga mezani. Kwangu meza iko kimya. Na juu ya hayo yote una milioni. Umeacha nini kwa wengine?

Sasa nikuambie na lingine. Wakili ameniomba niwe mdhamini wa mkopo wake, maana mama yake kakataa. Nimekubali. Jumanne anakuja, tunaenda pamoja ofisi ya mikopo.

Shangazi yake

24 Januari

Wewe,

Ninachopata ni siri yangu na benki yangu, na mwenye kutaka kuwaza awaze.

Lakini mwanangu siyo mkopo wa kudhaminiwa na kila apitaye. Nilimbeba, nikamnyonyesha huku nasahihisha tasnifu za watu kwa malipo ya mkaa. Wewe ulikuja siku ya tatu na doli, ukapiga picha, ukaondoka. Miaka kumi na tisa umekuwa ukija na doli. Mimi ndiye wa dawa ya minyoo, wa kuchana nywele, wa "rudi kabla ya saa kumi na mbili". Wewe ni wa kitambulisho shingoni. Na sasa unataka uandikwe kwenye karatasi ya serikali kwamba wewe ndiye unayemsimamia?

Unaweza kumdhamini. Una zaidi ya milioni. Hata akishindwa kulipa wakakukata wewe, hutasikia. Hilo ndilo linanichoma: kwamba unaweza kwa kalamu moja kumpa kitu ambacho mimi nimekaa miaka yote hii nikimkataza kukitamani.

Ukiweka sahihi, kwangu usije. Kitasa kikikwama tena, lala nje.

Mama yake

3 Februari

Wifi,

Hujaniandikia, na Wakili hakukueleza. Nimemuuliza kwa simu, akasema, "Shangazi, hilo ni lako la kusema." Basi nalisema.

Tulifika mapema. Nilivaa lile koti la kijani, na kitambulisho cha warsha ya mwisho nikakiacha shingoni, nikajifanya nimesahau kukivua. Karani alikuwa mtu mzima, mpole, anaongea taratibu kama anayemlisha mgonjwa.

"Mama, unafanya kazi wapi?"

"Mimi ni mshauri wa utafiti."

"Mwajiri wako ni nani?"

"Ni wengi. Inategemea mradi."

"Mwezi huu ni nani?"

Nikakirekebisha kitambulisho shingoni.

"Mwezi uliopita?"

Nikamwambia mambo ya miradi yana misimu. Akasema anaelewa, binti yake naye yuko huko huko. Akaomba taarifa ya benki ya mwaka mzima, akajumlisha, akagawa kwa kumi na mbili, akanigeuzia kioo cha kompyuta ili asiitamke namba. Wakili alikuwa pembeni yangu ameshika mkoba wangu. Akaisoma. Laki mbili na elfu themanini. Mdhamini anatakiwa awe na laki sita.

Zile picha, wifi, ni za kweli. Kazi yangu kwenye zile hoteli ni kukaa mlangoni na kugawa kalamu na vitambulisho kwa wageni. Ukumbi ukijaa najivika kimoja kilichobaki, napiga picha. Siku zisizo na hoteli nagonga milango ya watu na dodoso: "Shikamoo mama, kwa siku mnakula milo mingapi?" Nauliza hivyo na mimi mwenyewe sijala. Yule dada wa idara aliponipigia nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya watu, namsubiri baba mwenye nyumba amalize kuoga nimhoji. Akaniuliza napata kiasi gani. Nikafikiria kwamba hii ripoti wifi ataisoma. Nikasema laki kumi na nne.

Siku ya hospitali, blanketi lile nilinunua kwa mkopo.

Wakili alinibebea mkoba hadi kituoni, akanikatia tiketi kwa fedha zake. Afadhali angenitukana.

Sasa sikia. Mmoja wa wale wawili ni mimi, nami nilidanganya. Lakini wa pili ni wewe, na wewe hukudanganya, kwa sababu wewe hujawahi kujua kudanganya, ndiyo maana ulikuwa unakamatwa na mlinzi wa bweni kila mara. Wewe unayo. Acha kumnyima mtoto kwa sababu ya kunikomoa mimi. Nimeshakomoka. Nenda kaweke sahihi.

Mimi

6 Februari

Wifi,

Laki tatu na nusu.

Hiyo ni kabla ya makato. Kwenye kliniki mimi ndiye wa dirishani. Naandika jina la mgonjwa, naandika namba ya simu, nasema "kaa pale utaitwa". Kiti changu ni kile kile tangu nianze, nimekibadilisha mto tu. Mkopo wangu wa chuo, ule tuliojaza pamoja tumekaa kwenye kitanda chako, bado unakatwa. Unakwisha Juni hii. Nimeuhesabia hadi ndotoni: mshahara wa kwanza usiokatwa nilipanga niutie kwenye mlango. Siyo bawaba tu. Mlango mpya.

Yule dada wa idara alinipigia naosha vyombo. Ulikuwa umetuma picha asubuhi hiyo. Nyuma yako kulikuwa na bwawa la kuogelea na mwavuli. Akaniuliza cheo. Nikasema meneja. Akaniuliza mshahara. Nilipiga hesabu haraka haraka wewe utakuwa umesema ngapi, nikaona laki kumi inakufikia, nikasema kumi na mbili ili nikupite.

Kumbe ulisema kumi na nne. Hata kwenye uongo umenizidi kwa laki mbili.

Ulipoandika kwamba mimi ndiye mwenye fedha, ningeweza kukukatalia siku ile ile. Sikukukatalia. Nilikaa na barua yako wiki nzima nikiwa tajiri. Nilitembea nayo kwenye mkoba hadi kazini. Nilipenda sana, wifi, kwamba kwa mara moja wewe ndiye uliyekuwa huko unanionea wivu.

Kwa hiyo sina cha kumdhamini mtu.

Mama Wakili

10 Februari

Mama na Shangazi,

Naandika nakala mbili zinazofanana, moja kwa kila mmoja wenu, ili asiwepo wa kusema mwenzake kaandikiwa zaidi. Najua mnaandikiana. Baba hajui kuficha kitu. Bahasha zenu anaziweka juu ya dashibodi, na ile ya kwanza ilinuka gundi lori zima. Sijafungua hata moja. Sikuhitaji.

Shangazi, namba yako niliiona kwenye kioo cha karani. Mama, siku idara ilipokupigia mimi nilikuwa jikoni nakausha sahani. Nilikusikia ukisema "meneja" nikadhani unatania na rafiki yako, kwa sababu ulipokata simu ulicheka, kisha ukasugua sufuria moja muda mrefu sana. Juzi ndipo nilipounganisha. Nimepiga simu idarani kuuliza kama kuna aliyethibitisha majibu ya wale saba. Yule dada akasema, "Mdogo wangu, tungethibitishaje? Ni watu wazima."

Basi tuelewane. Mimi nilikuwa nakwenda kukopa milioni kumi na mbili kwa sababu ya ripoti hiyo. Niliibandika kwenye friji kama picha ya ndugu. Miaka kumi na moja ya maisha yangu niliipima kwa namba ambayo ninyi wawili mliitunga kila mmoja akimchungulia mwenzake dirishani. Nimekasirika. Nikimaliza kukasirika nitawaambia.

Lakini sikiliza, Mama. Unaposema nimechagua maisha ya shangazi badala ya yako, umekosea. Nilichagua mambo mliyokuwa mkibishania mkikutana, kabla hamjaanza kuoneshana picha. Nilikuwa nalala chini ya meza nawasikiliza. Wewe ndiye uliyekuwa unashinda.

Ninachotaka ni hiki. Kila mmoja apige simu idarani aseme anachopata kweli. Yule dada ameahidi akipata majibu mapya atanitumia wastani mpya. Mimi nikiuona ndipo nitaamua, maabara au chuo, na nikiamua asinililie mtu.

Na karani aliniambia jambo wakati shangazi anatafuta miwani. Wadhamini wanaruhusiwa kuwa wawili. Vipato vinajumlishwa.

Wakili

26 Februari

Wifi,

Nimeahirisha barua hii kwa sababu kila nikianza nakuta nina hasira na sijui za nani.

Nilipiga simu idarani wakati wa mapumziko ya kliniki, nimejifungia chumba cha majalada. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema, "Mimi ni yule meneja. Siyo meneja." Nikamwambia laki tatu na nusu. Nikangoja anishangilie ujasiri wangu, maana nilijua wewe huwezi, wewe utapiga chenga mpaka Machi. Yule dada akasema, "Ahsante sana, mama. Na mwenzako naye ameshapiga jana."

Jana! Umenitangulia tena. Nikabaki nimeshika simu kati ya majalada, natamani nikupigie nikutukane.

Wastani mpya umekuja. Laki tatu na ushee. Wakili akaketi na kalamu yake nyekundu: miaka ishirini na mmoja ya kulipa. Atamaliza akiwa na umri nilio nao mimi leo. Aliiandika hiyo 21 kwenye karatasi, akaibandika juu ya ile ripoti, akawa anapita anaitazama. Daktari akakubali kumshikia nafasi ya maabara hadi siku mbili baada ya mwisho wa mwezi, kwa heshima yangu. Nilijitahidi nisimsemeshe. Niliuma ulimi hadi nikaonja damu. Baba yake alikuwa anakula kwa kijiko taratibu kama yuko msibani.

Kisha asubuhi moja akatoka chumbani, akasema, "Mama, nimeisoma. Naenda chuo. Na kitu cha kwanza nitakachoandika huko ni kuhusu watu saba waliopigiwa simu." Nikamwambia hiyo siyo sababu ya kukopa milioni kumi na mbili. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimeihesabu." Wifi, mimi niliyekuwa nashinda mezani, safari hii nimeshindwa. Mtoto anaingia kwenye deni macho yakiwa wazi. Sisi tuliingia tunaimba.

Bado naona ni kosa. Nitaona ni kosa hadi nizeeke, na nitamkumbusha kila mwisho wa mwezi.

Leo nimekwenda ofisi ya mikopo. Karani yule mpole alinifungulia jalada, na mstari wa juu wa wadhamini nikakuta tayari umeshajaza, kwa mwandiko wako ule wa kujisikia wenye mikia mirefu. Laki mbili na elfu themanini, umeandika, bila kuongeza hata senti. Nikausoma mstari ule tena. Akaniuliza, "Mama, una wasiwasi?" Nikamwambia nina hasira. Akasema wote wana hasira, kalamu hii hapa.

Nikajaza laki tatu na nusu. Akajumlisha. Laki sita na elfu thelathini, imepita. Ile laki sita waliyosema ni ya mhitimu mmoja ipo kweli, wifi. Ni mimi na wewe tukijumlishwa.

Usidhani nimelainika. Juni ningekuwa huru. Sasa mtoto akikwama watatukata sote wawili, wewe kwenye kalamu zako na mimi kwenye dirisha langu, na mlango wa jikoni utaning'inia mpaka mwenye kufa afe. Kabla sijaishika kalamu ile, nilikuwa nimeshageuka niondoke. Nimefika mlangoni, nikakumbuka jina lako liko pale juu peke yake, kwenye deni la mwanangu, kwa miaka ishirini na mmoja. Hapo ndipo niliporudi.

Mama Wakili,
mdhamini wa pili (usijisifu, mistari aliipanga karani)